Kulia kwa Abebaye

Alikuja Dokkum Jumanne ya barafu,
akaegemeza baiskeli kwenye dirisha langu, lile lenye ngao za watu.
Waling Postma, miaka sabini na mmoja,
mtunza pampu, mstaafu. Alitaka nembo.
"Simba," akasema, kabla hajavua glavu.

Wote huanza na simba.
Nikamwuliza huyo simba alimwona wapi.
Kwenye pakiti ya biskuti, akajibu, akacheka
mpaka chai ikamwagika juu ya karatasi zangu,
akaikausha upesi kwa mkono wa koti
kama mtu aliyezoea kulaumiwa kwa kila kinachotiririka.

Nikamwonyesha alama za kwetu Frisia:
nusu ya tai, aliyepasuliwa wima, ya watu wasio na bwana,
na majani matatu ya klova, ya wenye malisho.
Tai alimkubali. "Nusu yanitosha."
Klova akaisukuma kwa kidole.
"Baba alikata majani ya watu.
Hatukuwa na ardhi hata ya kumzikia paka."

Basi ulikuwa na nini?

Nje mfereji ulikuwa umeganda,
bata wakitembea juu yake kwa mashaka.
Maji, akasema. Nilikuwa na maji.

Wahenga walinena: maji yakimwagika hayazoleki.
Huyu aliyazoa miaka thelathini na nane,
usiku kwa usiku, kutoka mashamba yaliyo chini ya bahari,
akayarudisha yalikotoka, nayo yakaja,
akayarudisha.

Nikachanganya buluu. Nikamweleza sheria:
rangi haikai juu ya rangi,
wala madini juu ya madini. Buluu yataka fedha,
ili ngao isomeke na adui aliye mbali.
"Adui sina," akasema. Kisha: "Nina usiku mmoja."

Mwezi wa pili, saa tisa, mkanda wa pampu ulikatika
naye amelala.
Ndama saba wa jirani yake Hylke
walikutwa asubuhi wamesimama majini,
kamba shingoni, vichwa chini.
Hylke hakusema neno. Krismasi akaleta jibini
kama kila mwaka,
na jibini hiyo, Waling akagusa koo,
mpaka leo iko hapa.

Matone saba, basi, ya fedha.
"Watu watadhani ni maji."
"Waache wadhani. Weka kushoto, kwenye moyo."

Nilipoyachora akapandisha sauti:
"Nimesema kushoto! Hujui kushoto?"
Nikauinua ubao, nikamkabidhi.
Ushike kifuani. Sasa inama, utazame.
Ngao haina habari na anayeitazama;
kulia kwake ni kulia kwa aliyejificha nyuma yake.
Akainama. Akakaa hivyo muda mrefu,
kidevu juu ya ukingo, pua ikivuja.

Kofia ya chuma aliikataa:
"Nitasikiaje pampu?"

Tulibakiwa na utepe wa chini, wa maneno.
Akatoa kotini daftari la kituo.
Macho yake yalipofifia, mkewe Sjoukje ndiye aliyeandika:
kina cha maji, upepo, na katika safu ya maoni
neno moja, kila siku: Kawaida.
Hata siku aliyorudi Leeuwarden, hospitali, na ile bahasha.
Kina, sentimita themanini chini. Upepo, magharibi.
Kawaida.

Nikalinakili kwa mwandiko wake,
herufi zimeinama kama matete.

Machi alirudi kuichukua.
Akaifunga mgongoni kwa blanketi na kamba mbili,
rangi ikiwa ndani, ikigusa koti,
hivyo njiani mtu angeona ubao tu, mzee na upepo.
Nikahesabu kutoka mlangoni, kama fundi anavyohesabu:
matone yako kushoto kwake,
nyuma ya moyo, yakitazama anakotazama.
Breki za baiskeli zilikuwa mbovu.
Nilimsikia mpaka darajani.