Siku Imefungwa

Simu ililia saa nane na dakika kumi usiku.
Tumsifu, sauti kavu kama karatasi ya risiti:
"Amka. Tokeni hazitoki.
Hela zinakatwa, umeme hauendi."

Sinza, ghorofa ya pili, feni inazungusha joto lile lile.
Nimekaa chini, vigae vina ubaridi,
kompyuta mapajani inaniunguza kanga.

Kwanza tukamshuku mwingine. Ndiyo desturi.
Tumsifu akasema ni benki, benki wakasema ni mtandao,
wa mtandao wakasema ni mvua ya Mikocheni.
Nikaizima seva, nikaiwasha,
dawa ya asiyeujua ugonjwa.
Kumbukumbu zikazidi kuteremka kwenye skrini,
mstari juu ya mstari, neno lile lile:
siku imefungwa
siku imefungwa
siku imefungwa

Siku gani?

Katikati ya malalamiko, mmoja kaandika kwa herufi kubwa:
MIMI MWINCHANDE WA MIKATE, TANDIKA.
NIMELIPA MARA TATU. UNGA NISHAUKANDA.
HAMIRA HAINGOJI MTANDAO.

Halafu, saa tisa kamili, makosa yakakoma yenyewe.
Hatujagusa kitu. Tokeni zikatoka mbiombio
kama kuku waliofunguliwa banda.
Tumsifu akacheka: "Imepona! Kalale."
Hapo ndipo nilipoogopa.
Kinachopona bila dawa kinaijua njia ya kurudi.

Nikachukua daftari, nikaandika kwa kalamu:
Juzi, sita hadi tisa.
Jana, sita hadi tisa. Tulisema mvua.
Leo, sita hadi tisa.
Nani huyu anayeamka saa tisa?

Sisi husema usiku wa kuamkia Jumatatu,
na usiku huo ni wa Jumatatu tangu jua lilipozama.
Kumbe mashine nayo ina machweo yake.
Seva yetu iko ughaibuni, nyuma yetu kwa saa tatu;
sisi tumeshaingia Jumatatu, yenyewe bado imo Jumapili,
inapiga muhuri wa Jumapili kwenye hela ya Jumatatu.
Benki inautazama muhuri: hesabu za Jumapili tumefunga.
Inakataa.
Na hela imeshatoka mfukoni mwa mtu.

Nikauliza mstari ule uliandikwa na nani.
Mfumo hauna haya: ukaleta jina, tarehe, saa.
Jina langu.
Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
nikiwahi kicheni pati ya Zubeda,
sare ya zambarau imening'inia mlangoni.
Niliandika "leo".
Sikusema leo ya wapi.

Nikasahihisha. Nikaidanganya saa ya majaribio:
ikawa saba, ikawa nane, ikawa tisa kasorobo. Ikakubali.
Toleo jipya likapanda adhana ya alfajiri ikianza,
nami nikaanza kurudisha hela za watu, jina kwa jina,
mia mbili na kumi na tatu.

Mwinchande nilimpigia mwenyewe.
Nyuma yake masinia yanagongana.
Nikamweleza: malipo mawili yanarudi,
la tatu ndilo lililonunua umeme.
Akanyamaza. "Mkate umechachuka. Nitauuza hivyo hivyo.
Ila niambie, mwanangu, hiyo hela inayorudi
ni ya jana au ya leo?"

Jibu nilikuwa nalo, hadi sehemu ya elfu ya sekunde,
mbele yangu, kwenye skrini.

"Ni yako," nikasema.