Kodi ya Kodi

Neno ni moja, ndiyo shida.
Anachonipa mpangaji ni kodi,
ninachoipa serikali ni kodi,
nami nimekaa katikati, Keko Machungwa,
na kikokotoo cha simu na daftari la marehemu mama.

Vyumba sita, baraza moja, choo cha nje.
Sitini elfu kwa mwezi, zidisha sita,
zidisha kumi na mbili:
milioni nne, laki tatu na elfu ishirini.
Kikokotoo hakijui Keko.
Kinadhani kila mwezi una mtu ndani.

Mama aliandika kwa penseli, herufi za kulala.
"Namba mbili, Shomvi, katoa nusu. Nusu akipata."
Hakupata. Alihamia Chanika na ufunguo wetu.
"Namba nne, Mwanaidi fundi. Kodi ya Julai kashona mapazia."
Mapazia yapo, ya kijani, yananipepea usoni
ninapopiga hesabu.
Je, pazia nalo ni pato?
"Namba tano, paa."
Basi. Paa, na miezi mitano mitupu.
"Namba sita, Bi Siwema. Hadaiwi."

Ndiye aliyemwogesha mama wiki zile tatu,
mimi nikiwa Dodoma
natuma hela na pole kwa simu.

Gari la majitaka lilikuja mara tatu masika yote.
Risiti ninayo moja, imelowa.

Kijana wa dirishani, ofisi ya mapato, kaniambia taratibu:
"Kadiria tu, mama. Makadirio si msahafu, yanarekebishika."
Nikacheka peke yangu hadi kituoni.
Nilikotoka mimi, wa kukadiria riziki ni Mungu,
na sijasikia kama aliwahi kujaza fomu.

Nimeandika milioni tatu na laki moja. Nimefuta.
Shomvi nimemtoa. Namba tano nimeipa miezi saba.
Pazia nimeliacha lining'inie.
Bi Siwema nimemweka, mwaka mzima, bei kamili,
sitaki karatasi iseme chumba kile hakina mtu.
Kodi ya kodi asiyonilipa
nitailipa mimi,
na kwa wiki tatu zile, bado ni bure.

Saa tatu usiku, hodi.
Ni Mwanaidi, noti kazikunja ndogo kama hirizi.
"Kodi," anasema.
Nazihesabu mara mbili, naitafuta penseli.
Herufi zangu nazo
zimeanza kulala.