Safu ya Matumizi

Daftari la ghala lina safu saba.
Ya saba ni nyembamba kama ufa wa mlango:
MATUMIZI. Andika neno moja.
Mwaka wa kumi na moja huu natunza funguo za taasisi,
hapa Moshi, nyuma ya viwanda vilivyolala,
upande ule reli inakoota majani,
na neno moja limenitosha siku zote.
Nyaya: ukarabati. Asidi: jaribio.
Sabuni: sabuni.

Kisha Anaeli Kileo akaunda betri yake.

Aliianza mwaka ule wa mgawo,
sisi watafiti wa umeme
tukisoma vipimo kwa tochi za simu.
Alitaka ipande pikipiki hadi zahanati za juu,
Uru, Kibosho, kule barabara inakogeuka tope,
ikae chini ya jokofu la chanjo
siku nne, bila waya, bila jenereta.
Usiku wa jaribio la mwisho hakwenda kwake.
Nilimkuta alfajiri kalala juu ya maboksi,
viatu mkononi,
na jokofu linanguruma taratibu
kama paka aliyeshiba.

Jumatano wakaja wageni wanne.
Lembris wa getini aliandika namba ya gari lao;
wakamwambia aifute.
Hawakuuliza habari za chanjo.
Waliinyanyua betri mmoja mmoja,
kama wanaonunua mbuzi mnadani.
Inapaa? Ikifungwa tumboni mwa ndege isiyo na rubani
inafika wapi? Usiku je? Na kwenye baridi?
Na ikivuka mpaka, inarudi?

Anaeli akajibu kwa namba,
maana namba ndizo alizokuwa nazo.
Kilo tatu na robo ni kilo tatu na robo,
mizani haiulizi umebeba nini.
Mkurugenzi alicheka kidogo, akaagiza chai tena.
Paa la maabara linavuja tangu masika ya juzi,
na yeye ndiye anayejua bei ya bati.

Saa kumi nikaletewa hati: betri kumi na mbili zitoke.
Safu sita nikazijaza bila kituo.
Kwenye ya saba kalamu ikagoma.
Anaeli alikuwa mlangoni,
mikono mifukoni mwa koti jeupe.
"Andika unavyoona," akasema. "Mimi nimeshindwa."

Nikaandika: Kinga.

Leo mkaguzi ameirudisha.
Alikuwa mwalimu wa sarufi kabla ya hesabu,
na wino wake mwekundu haujasahau:
*Fafanua. Kinga hii, au kinga hiki?*

Nimekaa na swali lake tangu asubuhi.

Nilikuwa na miaka minane, Mbokomu.
Mvua ilikuwa imezima jiko la bibi,
akanituma kwa kina Eliaichi kuomba moto.
Nilirudi nacho kupitia mgombani, kinga hiki,
nakipunga kisizime,
ncha nyekundu, moshi machoni,
najiona nimebeba jua la nyumba nzima.
Mbwa wa Temu akachomoka kwenye mibuni.
Mkononi nilikuwa na kitu kimoja tu.
Nilimpiga nacho. Mara moja, puani.
Akalia, akatimka, ikabaki harufu ya manyoya
na mimi peke yangu njiani, shujaa,
miguu inatetemeka.

Nikafika jikoni na kijiti cheusi,
kimelowa, baridi.
Bibi akakitazama.
Akaitazama sufuria ya ndizi mbichi.
Hakuuliza habari za mbwa.

Akasema, Rudi.