Duara la Chokaa

Sikatai. Ugonjwa ulikuwapo.
Ulimchukua Bupe wa mama Lugano
kati ya jogoo la kwanza na uji,
na maji ya Kiwira tuliyokunywa tangu utoto
yakawa ya kuchemshwa, ya kuogopwa.

Lori likaja na ukungu, taa zinawaka mchana.
Wakafunga kamba darajani, mgomba hadi mgomba,
wakachora chini maduara ya chokaa,
kila mtu na lake, hatua mbili,
na kijana mwenye bunduki, si wa huku,
akatufundisha kukaa mbali.

Kutufundisha sisi!

Mwaka wa kumi na moja huu ni mkamwana wa nyumba ile
na uso wa baba mkwe siujui.
Nakijua kikohozi chake.
Akikohoa kwenye kona ya shamba la chai
naingia migombani, najitanda khanga,
nasikiliza nyayo hadi zinyamaze.
Naye akiiona ndoo yangu kisimani
hugeuka, hata kama kiu imemkaba.
Hakuna aliyetupigia filimbi.
Ni heshima tu, na heshima haina zamu ya usiku.

Siku ya kugawa dawa ya maji
tulipangwa kama magunia ya viazi.
Duara la mbele yangu: kikohozi kile.
Nikafunika kichwa. Sijui alinitambuaje,
bangili labda,
akafanya alichokifanya maisha yake yote:
akatoka kwenye mstari, taratibu, akaelekea migombani,
mzee anayempisha mkamwana.

"Anatoroka huyo!"

Sitasema walimpiga mara ngapi.
Bibi afya alipiga kelele wamwache,
kopo la vidonge likamponyoka.
Kofia ya mzee ilibingirika
ikalala ndani ya duara langu,
nami nikainama kuiokota
na khanga ikanidondoka.

Basi nikamwona.
Topeni, macho wazi, akijaribu
hata hapo, hata hapo,
kugeuza shingo.

Ana kidevu cha mwanangu Gwamaka.
Kishimo kilekile.

Kamba waliifungua mwezi wa tano,
chokaa imeshakwenda na mvua.
Mwasomola kaichukua, anafungia ndama.
Wanasema waliokufa walikuwa wachache
kwa sababu ya kamba. Huenda.

Baba mkwe anatembea na fimbo.
Siku hizi anaanza kukohoa mbali mno,
kule kwenye mikaratusi,
mara tatu, mara nne,
kama mtu anayeomba ruhusa.