Isabella Hauzwi

Nimezaliwa katika mji uitwao Mercedes,
kando ya Río Negro, huku Uruguay,
na sijawahi hata siku moja kulitamani gari la jina hilo.
Andika hivyo, kijana wa Montevideo,
maana naona umekuja na daftari.
Mercedes ni gari la mtu anayetaka kuamkiwa.
Akiegesha, hutazama kwanza nani anamtazama.

Peugeot ni jambo jingine.
Ile 404 ya daktari Irigoyen ilibeba wajawazito, maiti,
kondoo wawili wa mkopo na padri mlevi,
haikuuliza swali.
Ukiipa mafuta machafu itakohoa, na itakwenda.
Naiheshimu kama ninavyomheshimu shemeji mchapakazi:
sikai naye mezani zaidi ya saa moja.

Fiat nilikuwa nayo, ile ndogo, rangi ya maziwa ya mgando.
Ilichemka kilima cha kwanza, ikachemka cha pili,
na nchi hii, kama ulivyoona njiani, haina vilima.
Lakini nilicheka ndani yake
kuliko nilivyocheka katika ndoa nzima.

Morris: taa zake huwaka zikipenda,
na usiku hazipendi.
Ford ni kama chumvi, kila nyumba inayo;
nani aliyewahi kuota chumvi?
Na haya mapya, yanayolia ukisahau mkanda,
mimi nimelea watoto watano, bwana.
Nimekwisha kuliliwa.

Haya, ingia bandani. Shika ukuta,
taa ya hapo imeungua tangu Pasaka.

Huyu ndiye.
Borgward, wa mwaka hamsini na nane, kutoka Bremen.
Kiwanda kilifilisika yeye ana miaka mitatu.
Yatima, basi.
Hakuna duka linalokumbuka vipuri vyake.
Bomba la maji nimelikata kwenye trekta,
gasketi ile nimeichonga kwa ngozi ya kiatu
ambacho Anselmo, kaka yangu, alikuwa bado anakihitaji.

Watu husema: gari langu.
Karatasi ya manispaa ina jina langu, kweli, Nélida Etcheverry,
na juu yake jina la mnunuzi wa sufi,
na juu ya huyo, mkewe, aliyelikataa kwa sababu ya rangi.
Nimemiliki nini mimi?
Kucha nyeusi.
Jumamosi elfu mbili chali sakafuni,
mafuta yakinidondokea shingoni,
nikimwambia tulia, tulia, karibu nimalize,
na sikuwa karibu.

Bei? Rudisha pochi mfukoni.
Jicho la kushoto limenikimbia mwezi wa Mei.
Daktari wa sasa, mwenye Toyota,
alinichukulia leseni kwa upole,
kama mtu anayeondoa sahani kabla hujashiba.
Kwa hiyo endesha wewe.
Mimi nitakaa kulia, mahali ambapo sijawahi kukaa.

Gia iko kwenye usukani.
Ya pili ina kinyongo: usiisukume, iombe.

Umeikwangua.
Nimesikia. Mtaa mzima umesikia.
Wáshington wa duka la nyuzi ametoka nje na gazeti lake.

Umesimama. Umezima injini.
Unapapasa dashibodi kwa kiganja
kama mtu aliyekanyaga mkia wa mbwa wa wenyewe,
na midomo yako inasema kitu,
si kwangu.

Hm.

Isabella hauzwi. Leo hauzwi.
Njoo Jumamosi, saa mbili asubuhi,
na shati ambalo mama yako hatalililia.
Pesa usilete. Lete matambara,
na kama unamjua fundi wa rejeta asiyesema uongo, mlete pia,
ingawa sidhani yupo.

Na mlango huo ukiufunga,
uinue kwanza kidogo.
Sivyo.
Uinue.