Neno Moja, Saa Mbili

Kaunas, mwezi Machi. Barafu ya Nemunas inapasuka
kwa mlio wa sahani zinazodondoka nyumba ya pili.
Usiku ule bodi iliyofungwa nguzoni ilisema: saba.
Mita saba. King'ora kikalia,
watu wa mtaa wa chini wakatoka na kandambili kwenye theluji,
mmoja kabeba kasuku, mwingine televisheni,
na mto ulikuwa na mita nne.
Nne tu. Umetoka tatu dakika ileile.

Hapakuwa na mwongo.
Tatu ni sifuri, moja, moja.
Nne ni moja, sifuri, sifuri.
Tarakimu zote tatu zilikuwa zinabadili nguo
redio ilipofungua mlango bila hodi:
ya kwanza imeshavaa, mbili hazijavua.
Moja, moja, moja.
Saba.

Mle ndani mna saa mbili.
Ya kihisi inapiga polepole, inaibania betri;
ya redio haipumui.
Kila moja inadhani ndiyo inayochwesha jua.
Hapa mjini Neris inaingia Nemunas, nimesimama nikatazama:
maji yanakwenda bega kwa bega, rangi mbili,
kabla hayajakubali kuitwa mto mmoja.

Skirmantė akanikabidhi kompaila.
"Ipe neno," akasema. "Fundi asiweze kuvusha ishara
kutoka saa hii kwenda saa ile
mpaka alitamke."

Tukachagua *tiltas*, yaani daraja kwa lugha yao.
Ukiliandika, kompaila inajenga sebule kati ya saa mbili:
ishara ibishe hodi,
ingoje,
isikie karibu,
ndipo namba iingie, nzima, imefunga vifungo vyote.

Nikaongeza kanuni moja kwenye sarufi.
Ule mti wa sentensi, unaoota mizizi juu na majani chini,
ukachipua tawi, nami nikajiona mkulima.
Majaribio elfu moja mia mbili na sita:
kijani, kijani, kijani,
halafu nyekundu, ukurasa mzima wa nyekundu,
na yote kutoka mafaili ya mtu mmoja.

Vygandas.
Sikumkuta. Alikufa msimu wa kupukutika majani, mwaka juzi.
Ameacha kikombe chenye duara la chai
na maelezo pembeni mwa msimbo:
*usiguse, inafanya kazi, sijui kwa nini.*
Waya wake unaopita chini ya daraja
alikuwa ameuita *tiltas*. Jina tu, kama Juma.
Nami nimekuja na sheria yangu mpya
nikamwambia neno hili ni la serikali.

"Tuyabadili majina," nikasema. "Sekunde mbili."
Skirmantė hakujibu. Akakisogeza kile kikombe
kutoka ukingoni mwa meza.

Nikalala ofisini, juu ya koti.
Saa kumi alfajiri nikaufundisha msomaji wa sarufi adabu ndogo:
ukikutana na neno hili usikurupuke.
Chungulia neno moja mbele.
Likisimama kati ya saa mbili, ni amri;
kwingine kote ni jina la waya wa marehemu,
lipishe.

Mstari mmoja ukawa kumi na tisa.
Si nzuri. Wenye vitabu vyao watanicheka.
Lakini nyekundu zikazimika moja moja
kama madirisha ya watu waliokwisha kurudi kulala,
na kosa jipya nikaliandika kwa maneno ya kawaida:
*Mstari wa 48: ishara inavuka bila hodi.*

Skirmantė akasoma, miwani juu ya paji la uso.
"Umesahau koma," akasema,
akaipitisha.

Aprili mto ulipanda tena, tatu kwenda nne.
Bodi ikasema nne.
Mtaa wa chini hakuna aliyeamka.