Ritifaa

Laptopu niliinunua Mwembe Tayari, elfu kumi na moja,
imetoka Ujerumani na vumbi lake,
Z imekalia kiti cha Y, Y imekalia kiti cha Z.
Siku ya kwanza niliandika "zetu", ikajibu "yetu".
Nikazipaka herufi mbili rangi ya kucha,
tukaelewana.

Kisa chenyewe ni kidogo.
Kuna programu ya kusahihisha tahajia, ya bure,
wameijenga watu ambao hawajawahi kuonana,
na kila nikiandika "ng'ombe" inanipigia mstari mwekundu.
Inamkata vipande viwili pale penye ritifaa:
"ng" inabaki upande huu, "ombe" inaangukia ule,
kisha inaniuliza kwa adabu: ulikusudia "ombi"?
Mimi, Mbodze wa Mikindani,
mjukuu wa mwanamke aliyelipiwa mahari ya ng'ombe wanne,
sikukusudia ombi.

Msimbo wake uko wazi. Yeyote aingie, asome, arekebishe.
Lakini mlango kuwa wazi si wewe kuwa ndani.
Hata pilau ya harusi hupikwa na mtaa mzima,
na huendi mikono mitupu ukasema nimekuja kusaidia:
unakwenda na kisu chako na mbuzi yako ya kukunia nazi,
uketi palipo na nafasi, ndipo upewe nazi.

Basi usiku wa kwanza niliitafuta mbuzi yangu.
Maelezo yalisema hatua sita, dakika ishirini.
Hatua ya kwanza ikataka maktaba fulani.
Maktaba ikasema haiji bila nduguye.
Nduguye niliye naye amezeeka, alitakiwa toleo la tatu,
na toleo la tatu halikai nyumba moja na mfumo wangu.
Nikabadilisha mfumo.
Bando likakatika kwenye asilimia tisini na nne.
Tisini na nne!
Nje, malori ya Malaba yalipanda mlima kwa gia ya kwanza,
yakiguna kama mimi.

Usiku wa pili Nyevu wa chumba cha pili akanipa nywila ya waifai,
kwa sharti nisipakue sinema.
"Sipakui sinema," nikamwambia, "napakua jiko."
Akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua.
Saa nne na robo stima ikapotea Mikindani nzima,
pangaboi likazunguka mara tatu za kuaga,
na kwa betri ya dakika kumi na moja
nikabaki gizani nasoma kosa,
mistari mia mbili ya kosa moja,
na katikati yake, kama mwiba ndani ya samaki, jina la faili
ambalo hatua zote sita hazikulitaja.

Usiku wa tatu nililipata, nikaliweka mahali pake.
Nikabonyeza. Maandishi yakaanza kuteremka,
mengi, ya haraka, na mimi mikono mapajani,
naogopa hata kukohoa.
Kisha mshale ukarudi, ukapepesa.
Imejengeka.
Programu ile ile, sasa kwenye mashine yangu,
na ugonjwa wake ule ule: nikaandika "ng'ombe", ikamchinja.
Sijawahi kufurahi hivyo kuona kosa.

Tiba ilikuwa alama moja,
niliyoiongeza kwenye orodha ya vitu visivyokata neno.
Nikajenga tena. Ng'ombe akasimama mzima,
ng'ambo ikawa ng'ambo,
hata "ng'ang'ana" ikapita na mikato yake miwili.

Lakini si hiyo niliyoituma kwanza.
Nilirudi kwenye yale maelezo,
nikapanua nafasi kati ya hatua ya tatu na ya nne,
nikaandika jina la lile faili na mahali linapokaa,
kwa ajili ya mtu nisiyemjua
atakayekuja usiku mmoja na mbuzi yake kwapani.
Kisha penye "dakika ishirini" nikafuta,
nikaandika: inategemea stima.